Ukiambiwa joto la plazima, uliza la ayoni au la elektroni

Wadogo zangu mnaoanza fizikia ya plazima, mtu akikwambia plazima yake (gesi ya moto iliyochanika kuwa ayoni na elektroni) ina joto la keV 10 muulize la nani; keV 1 ni kama nyuzi milioni 11.6. Kwenye tokamaki, mashine ya umbo la donati inayoshika plazima kwa sumaku, ayoni zina joto lake na elektroni zina lake, na zinapeana nishati polepole mno, maana ayoni ya deuteriamu (haidrojeni nzito) ni nzito karibu mara 3,670 ya elektroni, zikigongana ni kama gololi imegonga lori, elektroni inageuzwa njia tu ila nishati inayohama ni kiduchu. Kwa msongamano wa chembe 10^20 kwenye mita ya ujazo na joto la keV 10, joto hizo mbili kusogeleana kunachukua kama theluthi ya sekunde, na kwa plazima huo ni muda mrefu aisee.

Na hili sio la darasani tu. Mwaka 1997 kwenye tokamaki ya JET, Culham, Uingereza, walifikisha megawati 16 za fyusheni (nishati ya viini vya atomu vikiungana) huku ayoni zikiwa na joto kubwa kuliko elektroni. Kwenye ITER, tokamaki kubwa inayojengwa Ufaransa, mambo yatakuwa mengine: chembe alfa, yaani kiini cha heliamu kinachotoka kwenye fyusheni, inazaliwa na MeV 3.5 (keV 3,500), kwa kasi hiyo inapasha elektroni kwanza, ndo elektroni zipitishie ayoni, na ayoni ndo zinazoungana.

Sasa fungua Python, chora (Te − Ti) gawanya kwa Te kipeo cha 1.5, Te ikiwa joto la elektroni na Ti la ayoni; mstari huo unaonyesha kasi ya nishati kuhama kutoka elektroni kwenda ayoni. Ti iache keV 5, Te ipandishe taratibu. Mstari unapanda, unapanda, ukifika keV 15 unagota halafu unaanza kushuka! Yaani Te ikishapita mara 3 ya Ti, ukizidi kupasha elektroni ndo zinapitisha kidogo zaidi, kwa sababu elektroni yenye kasi inaipita ayoni fasta mno. Mi nilichora hii nikiwa mwanafunzi na mpaka leo naipigia picha kichwani kabla sijaamini hesabu yoyote. Unataka nishati nyingi ihame? Ongeza msongamano, ukiwa mara 2 unapata mara 4.

Kingine, na hapa nawaomba muwe wakali kweli, Te mara nyingi inapimwa kwa leza na Ti kwa mwanga wa kaboni iliyomo ndani, vifaa viwili tofauti kabisa. Sema Te imetoka 5.0 na Ti 4.8, kila moja na kosa la asilimia 5. Tofauti yao ni 0.2, kosa la Te peke yake ni 0.25, kwa hiyo hujui hata nishati inaelekea upande gani. Hapo usichore mistari miwili, joto linalotoka kupitia ayoni na linalotoka kupitia elektroni, ukasema umezitenganisha. Toa jumla tu, hiyo iko salama, kwa sababu kinachopotea kwa elektroni ndo hichohicho ayoni zinapata, kwenye jumla kinajifuta. Msimamizi wako akibisha mwonyeshe hizo namba.