Ofa Yako Imekubaliwa, Kisha Anatokea Mwenye Dau Kubwa

Muuzaji akikwambia "tumekubaliana, nyumba ni yako," furahi, lakini usianze kufunga mizigo. Katika nchi nyingi maneno hayo hayamfungi. Kinachomfunga ni mkataba wa mauziano uliotiwa saini, na kati ya siku ya kupeana mikono na siku ya saini kunaweza kupita wiki kadhaa. Muda wote huo nyumba iko sokoni, hata kama tangazo limeondolewa. Hapo ndipo mwenye dau kubwa anapopata nafasi ya kuingia.

Nimepitia hali hiyo nikiwa mnunuzi, na baadaye nikamsindikiza mdogo wangu naye alipoipitia. Mimi nyumba niliipata, yeye aliikosa. Nilichoondoka nacho katika safari zote mbili ni hiki: mpinzani mwenye fedha nyingi utamshinda kwa nadra kwa kuongeza fedha. Utamshinda kwa kuwahi kusaini, na kwa kumjua muuzaji wako kuliko yeye anavyomjua.

Jambo la kwanza ni kujua mstari umechorwa wapi katika nchi unayonunua, maana sheria hazifanani. Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uwe wa maandishi na usainiwe, na kwa kawaida hakuna anayefungwa mpaka pande mbili zibadilishane mikataba, yaani kila upande uupe mwingine nakala uliyoisaini. Kabla ya hapo muuzaji anaweza kumchukua mwingine hata kama wewe umeshamlipa mkaguzi na wakili. Uskoti mawakili wa pande mbili huandikiana barua rasmi, na barua hizo zikishakamilika hakuna wa kurudi nyuma bila kuwajibika. Ufaransa, mnunuzi wa nyumba ya kuishi akishasaini mkataba wa awali anapewa siku 10 za kubadili nia, lakini muuzaji hapewi nafasi hiyo. Kenya nayo, Sheria ya Mikataba inadai mkataba wa ardhi uandikwe, usainiwe na wahusika wote, na kila saini ishuhudiwe. Kwa hiyo muulize wakili wako swali moja tu mwanzoni kabisa: ni karatasi gani, ikisainiwa na nani, itamzuia huyu muuzaji kunigeuka? Akishakujibu, kila unachofanya kiwe cha kuifikia karatasi hiyo mapema.

Mapema kwa maana gani? Wakili awe ameshachaguliwa kabla hujatoa ofa. Benki iwe imeshakupa barua inayoonyesha kiasi inachokubali kukukopesha. Vitambulisho, taarifa za akaunti na uthibitisho wa chanzo cha fedha zako viwe kwenye bahasha moja, kwa sababu benki na mawakili watavidai, na wanunuzi wengi hupoteza siku nyingi wakitafuta karatasi moja ya mshahara. Siku ofa inapokubaliwa, andika siku hiyo hiyo: bei, vitu vinavyobaki ndani ya nyumba, tarehe unayolenga kusaini, na ombi kwamba tangazo liondolewe na watu wasiendelee kuoneshwa nyumba. Barua hiyo peke yake huenda isiwe na nguvu mahakamani, lakini muuzaji mwenye barua mkononi huona haya zaidi kugeuka kuliko yule aliyesema tu kwa simu.

Ukiweza, nenda hatua moja mbele: omba muuzaji asaini makubaliano ya kutozungumza na mnunuzi mwingine kwa muda maalumu. Hapa kuna somo zuri kutoka mahakama za Uingereza. Mwaka 1992 mahakama ya juu kabisa ilikataa kuutambua mpango wa namna hii ambao haukuwa na ukomo wa muda. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikautambua mwingine, kwa kuwa muuzaji alikuwa ameahidi kutopokea ofa nyingine na mnunuzi naye ameahidi kuwa tayari kubadilishana mikataba ndani ya wiki mbili. Kilichotofautisha ni tarehe, na kwamba kila upande ulitoa kitu. Zingatia pia alichopata yule mnunuzi: fidia. Nyumba yenyewe ilikwenda kwa mtu mwingine. Makubaliano haya yanamfanya muuzaji afikiri mara mbili, lakini hayachukui nafasi ya mkataba wenyewe.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe, maana ndiyo inayowavuruga watu. Yangu ilikuja jioni, kutoka kwa dalali wa muuzaji.

"Dada, kuna mtu amekuja na dau kubwa kuliko lako. Mzee anasema akupe nafasi kwanza. Unaongeza ngapi?"

Nilimwambia, "Asante kwa kunijulisha. Kabla sijasema lolote, naomba unisaidie kujua mambo machache kuhusu huyo mteja."

Kisha nikamuuliza. Ameiona nyumba kwa macho yake? Ofa yake iko kwenye maandishi? Analipa taslimu au anategemea mkopo, na kama ni mkopo, benki imeshamkubalia? Kuna nyumba anayopaswa kuuza kwanza? Anataka kuingia lini? Dalali akajibu mawili, mengine akasema atauliza. Aliporudi kesho yake nilijua kwamba mpinzani yupo kweli, ameleta barua, ana mkopo ambao bado uko kwenye maombi, na anataka nyumba ikabidhiwe tupu mara tu malipo yakikamilika.

Angalia jinsi maswali hayo yalivyofanya kazi mbili. Kwanza yanachuja mpinzani wa kubuni. Kanuni za Uingereza za mwaka 1991 ziliwakataza madalali kudanganya kwamba kuna ofa isiyokuwepo, na huwezi kutunga kanuni ya kuzuia kitu kama hakitokei. Dalali anayetunga mteja hukwama kwenye swali la pili au la tatu. Lakini usimtuhumu, hata ukihisi. Muulize kwa upole na umwache ajibu. Ukimvunjia heshima, ndiye huyo huyo atakayepeleka maneno yako kwa muuzaji. Pili, maswali yanakuonyesha dau la mwenzako lina mapengo gani. Dau kubwa lenye mkopo usiokubaliwa bado ni ahadi tu. Muuzaji anastahili kulisikia hilo, na dalali, ambaye malipo yake yanategemea biashara kukamilika, analijua vizuri.

Usijibu kiasi kwenye simu ile ile. Omba muda mpaka kesho na utaje saa utakayopiga. Sijawahi kukutana na muuzaji wa kweli anayeshindwa kungoja usiku mmoja.

Kwa idhini ya dalali nilikwenda kumwona mwenye nyumba. Mzee alikuwa fundi seremala mstaafu, anahamia kwa binti yake. Sebule ilikuwa imeshaanza kuondolewa vitu, lakini alinipeleka nyuma, kwenye stoo. Mle ndani kulikuwa na meza ndefu ya kazi iliyochakaa kwa misumeno, randa zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na mbao nzuri zilizokaushwa zimefika hadi darini. "Hivi ndivyo vinanikosesha usingizi, mwanangu," akaniambia. "Kwa binti yangu hakuna pa kuviweka, na sitaki kuviuza kama vyuma chakavu."

Sikuongeza bei. Nilimwambia aendelee kuitumia stoo kwa miezi miwili baada ya nyumba kuhamishwa jina, bila kodi, afike muda wowote wa mchana auze vifaa vyake taratibu kwa mafundi anaowajua. Wakili akaliandika ndani ya mkataba: tarehe ya mwisho, nani ana ufunguo, nani anabeba hasara kitu kikiibiwa. Nikaahidi pia kusaini wiki ile ile, kwa kuwa karatasi zangu zilikuwa tayari. Mzee akasaini na mimi kwa bei tuliyokubaliana mwanzo. Aliyenizidi fedha alikuwa anataka stoo tupu.

Si kila muuzaji ana stoo ya randa. Lakini karibu kila muuzaji ana jambo linalomkosesha usingizi nje ya bei: watoto wanaomaliza muhula, nyumba nyingine anayoisubiri, ndugu warithi wanaovutana na wanaotaka lile jambo liishe, mnunuzi wa awali aliyemwangusha dakika za mwisho. Ukilijua, una kitu cha kutoa ambacho mpinzani hata hajui kwamba kinahitajika.

Kuna wakati, hata hivyo, muuzaji anataka fedha tu, na hilo ni haki yake. Kwa mdogo wangu ilikuwa hivyo. Tulikuwa tumeshaandika ukomo wake kwenye karatasi kabla ya ofa ya kwanza. Mpinzani akapanda, mdogo wangu akapanda mara moja hadi kwenye ukomo, mpinzani akapanda tena. Mdogo wangu akaacha. Aliumia, na mimi niliumia naye, lakini hesabu ilikuwa wazi.

Hesabu hiyo ifanye kabla moyo haujachemka. Benki hukopesha kwa kuangalia thamani iliyotolewa na mthamini wake, na bei yako ikizidi thamani hiyo, ziada inatoka mfukoni mwako. Tuseme nyumba ina thamani ya 100 na benki inatoa asilimia 80. Kwa bei ya 100, benki inatoa 80 na wewe 20. Ukipandisha dau hadi 110 na mthamini akabaki kwenye 100, benki inabaki kwenye 80 na wewe sasa unatakiwa kuwa na 30. Bei imepanda kwa asilimia 10, lakini fedha taslimu unazotakiwa kuwa nazo zimepanda kwa nusu. Wengi wanaopandishana huligundua hili baada ya kushinda, na ndiyo maana ushindi mwingi wa aina hiyo huvunjikia benki.

Ukiambiwa kila mtu alete dau lake la mwisho kwenye bahasha iliyofungwa, andika kiasi ambacho ukikosa nyumba kwa tofauti ndogo hutajilaumu, na ukiipata hutajuta. Marekani kuna wanunuzi wanaoweka kifungu kinachosema dau lao litapanda lenyewe juu ya la mwingine hadi kiwango fulani. Kinafaa kwa baadhi ya watu, ila fahamu kwamba unamwonyesha muuzaji mwisho wako. Kama utakitumia, dai kuonyeshwa nakala ya ofa inayokupandisha.

Kuna mambo mawili nakuomba usiyatoe kafara hata kidogo ili uonekane mnunuzi mwepesi: ukaguzi wa jengo na uhakiki wa hati. Nimesikia washauri wakisema "ondoa sharti la ukaguzi, utapendwa." Mimi nasema lisogeze mbele: mwite mkaguzi siku ya pili baada ya ofa kukubaliwa, ripoti iwe mkononi ndani ya wiki. Muuzaji anapata kasi anayoitaka, na wewe hununui paa linalooza. Uhakiki wa hati nao usicheleweshwe kwa sababu yoyote, maana nyumba inayogombaniwa na wanunuzi inaweza pia kuwa inagombaniwa na wenye nyumba.

Na kuhusu arubuni, au kishika uchumba kama wengine wanavyoita: shinikizo la mpinzani ndilo chombo kikuu cha matapeli. "Lipa leo, kesho kuna mtu analeta fedha zote." Fedha iende kwenye akaunti ya amana ya wakili, kwa maandishi yanayosema itarudi lini na kwa masharti gani. Anayekataa njia hiyo na kutaka uweke mkononi mwake usiku huo, mwache huyo mpinzani amlipe.

Ikitokea umekosa, usiondoke kwa hasira. Mdogo wangu alimwandikia muuzaji barua fupi kwamba ofa yake bado ipo kwa muda alioutaja, kwa bei ile ile, endapo biashara ya kwanza itakwama. Katika nchi nyingine, kama Marekani, ofa ya akiba inaweza hata kusainiwa rasmi, na ya kwanza ikivunjika yako inachukua nafasi. Weka tarehe ya ukomo ili usibaki umefungwa huku ukiiona nyumba nyingine nzuri. Yeye hakuitwa tena. Muda alioutaja ulipokwisha, barua ya benki ilikuwa bado hai na wakili alikuwa ameshazijua karatasi zake zote, kwa hiyo nyumba iliyofuata, kutoka ofa kukubaliwa hadi mkataba kusainiwa, ilikwenda haraka kuliko ile aliyoikosa, na hakuna mwingine aliyewahi kutia dau.