Kabla Klabu Yenu Haijapeleka Ramani ya Uwanja Halmashauri

Nimekuwa katibu wa klabu ya michezo ya mtaa hapa Dodoma kwa miaka kadhaa, na katika muda huo tumeomba mara mbili idhini ya kuuendeleza uwanja wetu. Ombi la kwanza lilikataliwa, la pili likapitishwa kwa masharti. Ninawaandikia viongozi wa klabu nyingine wanaojiandaa kupita njia hiyo, kwa sababu inaniuma kuona michango ya wanachama ikipotea kwa makosa ambayo sisi tumekwisha kuyafanya.

Kosa letu kubwa lilikuwa kuanza na ramani. Tulimtafuta mchoraji, tukamweleza tunachotaka: ukumbi wa sherehe, fremu za maduka upande wote wa barabara, vyoo, na nyuma yake uwanja wa mpira uliopunguzwa. Hesabu ilitupendeza, kwa kuwa kodi ya fremu ingemlipa mlinzi, ingelipia maji na kununua mipira, na hakuna mwanachama ambaye angeombwa mchango tena. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kiwanja kile kimepangiwa nini katika mchoro wa mipango miji. Kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya michezo na burudani. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, ardhi ya mjini haiendelezwi bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na jambo la kwanza linaloangaliwa ni kama kinachoombwa kinapatana na matumizi yaliyopangwa. Maduka ni matumizi mengine kabisa. Barua ya kutukatalia ilieleza hivyo kwa maneno machache. Niliisoma kwa hasira siku ya kwanza, na baada ya kuirudia kwa utulivu nikakiri kwamba wataalamu walikuwa sahihi. Tulikuwa tunaomba kugeuza uwanja wa watoto wa mtaa kuwa soko, huku tukiuita mradi wa michezo.

Kwa hiyo, kabla hamjamlipa mchoraji shilingi moja, nendeni ofisi ya mipango miji mkiwa na namba ya kiwanja na jina la kitalu, mwombe kuonyeshwa mchoro, na muulize waziwazi ni majengo gani yanaruhusiwa hapo. Ni kazi ya asubuhi moja.

Nyaraka za umiliki nazo zina historia yake katika mji huu. Kwa miaka mingi ardhi ya Dodoma ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyoanzishwa mwaka 1973, ambayo ilikuwa ikitoa mikataba ya miaka 33. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwezi Mei 2017 na kazi zake zikahamishiwa halmashauri, na mwaka uliofuata Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Klabu za zamani huenda bado zina karatasi za enzi hizo, tena zimeandikwa jina la mzee mmoja mwanzilishi ambaye amekwisha kufariki. Sisi tulikuwa hivyo hivyo. Ilitubidi kwanza kuunda bodi ya wadhamini na kuisajili RITA, yaani wakala wa Serikali unaosajili wadhamini, kuhakikisha kwamba usajili wetu kwa Msajili wa Vyama vya Michezo uko hai, kisha kukaa na familia ya marehemu kwa heshima na subira hadi walipokubali kusaini. Hatua hiyo ilituchukua muda mrefu kuliko ujenzi wenyewe, na sijutii, kwa sababu sasa hakuna mtoto wala mjukuu wa mtu atakayeudai uwanja ule.

Jambo ambalo ningependa mlipe uzito kuliko yote ni majirani. Katika ombi la kwanza tuliwachukulia kuwa watazamaji wetu tu, na tukadhani mtu anayepiga makofi Jumapili hawezi kuupinga uzio. Safari ya pili tulimwomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa aitishe mkutano wa wakazi, tukabandika mchoro kwenye shina la mwarobaini na kukaa kusikiliza. Mama mmoja mzee, anayeishi upande wa bondeni, alisimama akatueleza kwamba ukuta wetu ungeziba njia ya maji, na kwamba mvua ya kwanza kubwa ingemwingilia jikoni. Dodoma ni kame, na mvua zetu huja kati ya Desemba na Aprili tu, lakini zinaponyesha hushuka kwa nguvu juu ya ardhi ngumu iliyokauka, na korongo linalopitika kwa miguu mwezi wa Oktoba huwa mto kwa saa chache. Mchoraji wetu alikuwa amekipima kiwanja wakati wa kiangazi. Tulisogeza ukuta, tukaongeza mtaro uliojengewa kwa mawe, na mama yule akawa wa kwanza kuweka saini kwenye muhtasari wa mkutano. Muhtasari huo tuliuambatisha kwenye ombi, na ninaamini ulisaidia kuliko barua yoyote ya kutuunga mkono.

Kuhusu kikao cha uamuzi, msimwendee diwani kana kwamba kibali kiko mfukoni mwake. Kamati ya Mipango Miji na Mazingira hukaa ikiwa na taarifa ya wataalamu mezani. Diwani anayeufahamu mradi vizuri anaweza kujibu swali la mjumbe mwenzake, na huo ndio msaada halali wa kumwomba. Malipo yote yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na anayedai cha pembeni ili kuharakisha faili asipewe hata senti.

Ramani ya pili ilikuwa na vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo vya wanawake na wanaume, uwanja wa netiboli ambao akina dada walikuwa wameudai muda mrefu, na kantini ndogo ya wachezaji na watazamaji. Fremu tuliziacha zote. Wengine walihofu kwamba tungekosa kipato, lakini tangu watumishi wa Serikali wahamie Dodoma, timu zao zinatafuta mahali pa kufanyia mazoezi na mabonanza, nasi tunaukodisha uwanja Jumamosi asubuhi. Uwanja tuliotaka kuupunguza ndio unaotulipia mlinzi.

Masharti tuliyopewa yalikuwa matatu: miarobaini isikatwe, muziki uzimwe ifikapo saa nne usiku, na mtaro ukamilike kabla ya kuta kupandishwa. Yaandikeni ya kwenu kwenye ubao pale pale kwenye ujenzi, ili fundi na mwenyekiti wa klabu wasome maneno yale yale, na msimwage zege la msingi kabla mkaguzi hajafika kuona vipimo. Kwetu alifika siku mbili baada ya kuitwa, akapima mtaro kabla ya kitu kingine chochote, na mama wa bondeni alikuwepo akiangalia.