Mbwa naye aende mlimani? Majibu kwa wasomaji

Juni ikikaribia, watu wa pwani huanza kuulizia nyumba za kupanga Lushoto. Safari hii maswali mengi yamekuja na mbwa ndani yake. Nayajibu machache.

Nimepata nyumba Lushoto kwa wiki moja. Mwenye nyumba ni mzee Mwislamu na sijamwambia kuhusu mbwa. Nimwambie, au nifike naye tu? (Tabata)

Mwambie leo, kabla hujatuma hela ya kianzio. Ukifika na mbwa getini bila taarifa, huenda kwa ustaarabu wake asikufukuze, ila atakaa na dukuduku wiki nzima, nawe hutapumzika.

Elewa pia jambo linalomgusa. Waislamu wengi wa upande huu ni wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kufuga mbwa wa ulinzi au wa kuchunga mifugo kunaruhusiwa, kwa hiyo usidhani mzee anamchukia mnyama wako. Anawaza sufuria zake, mikeka yake, na chumba ambacho wageni wengine watataka kuswalia baada yako kuondoka.

Basi anza na hayo: "Shikamoo mzee. Nina mbwa mmoja, amechanjwa. Nitakuja na bakuli zake na tandiko lake, hataingia jikoni wala vyumbani. Je, utaridhia alale stoo ya nje?" Akikataa, mshukuru utafute kwingine, usimbembeleze. Akikubali, timiza ulichosema hata asipokuwepo. Bakuli la mbwa lioshwe bombani nje, na kinyesi chake ukizoe kila asubuhi ukifukie mbali na bustani ya mboga.

Mbwa wangu hutapika garini. Dar hadi Lushoto atafika kweli? (Mbezi)

Atafika ukimwandaa. Wiki chache kabla, mzoeze kwa safari fupi zinazoishia mahali anapopapenda. Siku ya safari asile kwa saa kadhaa kabla ya kuondoka, ila maji apewe kidogo kidogo njiani.

Ondokeni alfajiri. Joto la Segera na Korogwe mchana si la mchezo, na mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Mwenye pua bapa hata kuhema kwake ni kwa shida, kwa hiyo mchunge zaidi. Mnaposimama kula, mmoja wenu abaki naye kivulini. Nje kukiwa na nyuzi 30, gari lililofungwa linaweza kupita 40 ndani ya nusu saa, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu. Mbwa hufa hivyo.

Mombo ndipo mnapoacha barabara kuu na kuanza kupanda. Ni kama kilomita 33 za kona mfululizo hadi Lushoto. Simameni Mombo atembee, kisha Soni tena, na dereva asikimbize. Kama hata safari fupi zinamtesa, muone daktari wa mifugo kuhusu dawa ya kichefuchefu; usimpe vidonge vyako.

Tutapanga kibanda Naro Moru. Naweza kupanda naye Mlima Kenya? (Nakuru)

Hapana. Ule ni mlima wa hifadhi ya taifa, na mbwa wa kufugwa haruhusiwi ndani. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuuleta. Mbwa anaweza kuonekana mzima na bado akaacha ugonjwa nyuma yake.

Tembeeni naye kwenye njia za mashambani, kwa kamba. Jioni aingie ndani mapema, maana chui yumo katika misitu ya mlima huo, na kwake mbwa ni kitoweo. Hata misitu iliyo nje ya hifadhi za taifa, ukiwemo wa Magamba kule Lushoto, usiingie na mbwa kabla ya kuuliza ofisi inayousimamia. Wale mbega juu ya miti hawahitaji kubwekewa.

Achanjwe nini, na lini? (Tanga)

Kichaa cha mbwa kwanza, na kadi ya chanjo usafiri nayo. Kama hajawahi kuchanjwa, achanjwe angalau mwezi mmoja kabla, kinga ipate muda wa kujengeka. Ongeza distempa na parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha mbwa vibaya. Daktari huyohuyo muulize kama safari yako inahitaji kibali cha kusafirisha mnyama, na akupe dawa ya kupe. Kila jioni mpapase masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Kupe umbane kwa kibanio karibu na ngozi, umvute taratibu bila kumpinda. Usimmwagie mafuta ya taa.

Vijijini mtakutana na mbwa wasio na kamba. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Baridi itamdhuru? (Kigamboni)

Mbwa wa manyoya mafupi aliyezaliwa pwani, ndiyo, usiku wa Juni hadi Agosti. Apate tandiko nene lililoinuliwa sakafuni, na akinyeshewa akaushwe kwa taulo kabla ya kulala.

Mbwa wetu ni mzee, ana miguu mibovu. (Morogoro)

Mwache nyumbani na mtu aliyemzoea. Nyumba ngeni, baridi na miteremko vitamuumiza.

Mwaka jana mbwa wetu aliua kuku wa jirani huko tulikofikia. Mlinzi alisema tunyamaze. Ilikuwa sawa? (Moshi)

Haikuwa sawa. Mbwa akiua kuku, nendeni kwa mwenye kuku saa hiyohiyo, mwombeni radhi, mlipeni anachotaja. Kama ni tetea mwenye vifaranga, hasara ni ya vifaranga pia. Na kama simu ya mlinzi yule bado mnayo, hela inaweza kutumwa hata leo.