Usiende vikaoni na gari la katibu

Mkuu, usipande hilo gari. Nimesoma maelezo yako mara mbili nikidhani macho yangu yana shida. Unaandika tasnifu ya sayansi ya siasa kuhusu namna wanachama wa kawaida wanavyofikia maamuzi ndani ya tawi la chama. Umeamua kukaa vikaoni na kushuhudia mwenyewe badala ya kugawa hojaji, hapo hongera. Halafu unasema katibu wa tawi atakupitia kwa gari lake, atakutambulisha na kukukalisha karibu naye "ili uone kila kitu", na unachotuuliza sisi ni vikao vingapi vinatosha! Ukiingia hivyo, hata vikao mia havitakutosha.

Mimi nilipelekwa hivyohivyo. Msimamizi wangu, mtu ambaye sidhani kama amewahi kuhudhuria kikao ambacho yeye si mwenyekiti, aliniambia kazi ya uwandani ni kufunguliwa milango tu: tafuta mkubwa, mengine yatajipa. Akanipigia mfano wa Richard Fenno, yule Mmarekani aliyefuatana na wabunge 18 majimboni kwao na kutoa kitabu mwaka 1978. Mimi ni mbishi kwa asili, lakini siku hiyo ubishi ulikuwa likizo. Nikaitikia. Asichoniambia ni kwamba Fenno alitaka kujua mbunge mwenyewe anawaonaje watu wa jimbo lake na anajionyeshaje mbele yao. Kwa swali kama hilo, kukaa na mbunge garini ndiyo kazi yenyewe. Langu, kama lako, lilihusu wanachama wa kawaida, wale wa mabenchi ya nyuma kikaoni.

Basi mwenyekiti wa tawi akanitambulisha kama "mgeni wetu kutoka chuoni", nikapewa kiti meza kuu, kati yake na katibu. Nikajiona mtafiti kamili, kalamu mbili mfukoni. Nikaandika: mjadala mfupi, wajumbe wanaelewana haraka, kura za kunyoosha mikono zinapita kwa kauli moja. Kikao kikiisha, kinachofuata nacho vilevile. Nikajenga na nadharia juu yake, eti utamaduni wa maafikiano, sura nzima, imepangika vizuri mpaka leo naionea huruma.

Kilichoniamsha ni kuchelewa. Siku hiyo meza kuu ilishajaa, nikajibanza benchi la mwisho karibu na mlango. Ilipofika kura ya kupitisha jina la mgombea, mikono haikupanda kwa pamoja kama nilivyokuwa naandika siku zote. Waliokaa mbele walinyoosha kwanza. Wa katikati wakageuza shingo kuona nani kanyoosha na nani bado. Mama mmoja mbele yangu aliinua mkono nusu, kiwiko kikiwa bado kimeegemea goti, huku akimnong'oneza jirani yake, "Hili si lilishaisha juzi?" Jirani akacheka puani. Ukiwa meza kuu, mkono ule unahesabika kama mikono mingine.

Kikao kilipovunjika nikawafuata nje. Mazungumzo yalikuwa moto, nilipowakaribia yakazimika. Wakanisalimia kwa adabu zote na kuanza kuusifu uongozi. Kwao nilikuwa mtu wa mwenyekiti, na wala hawakunionea: nilikuwa nafika na gari lake na kuondoka na gari lake.

Nikarudi kwenye madaftari kuokoa kinachookoleka. Hakuna ukurasa uliosema nilikaa wapi, nani kanikalisha, nani alikuwa anasikia maneno yale yakisemwa. Nisingeweza hata kuchambua lipi lilisemwa kwa ajili ya masikio ya mwenyekiti na lipi mtu alilisema kwa nafsi yake. Sura ikaenda na maji. Msimamizi, kwa utulivu wa mtu ambaye si yeye atakayeandika upya, akaniambia "uwandani kuna changamoto zake". Ahsante sana, mwalimu.

Kwa hiyo kila unapofungua ukurasa mpya, kabla hujaandika neno lolote la kikao, andika umekaa wapi, nani kakuleta na nani anasikia. Halafu badili kiti. Timothy Pachirat, mtafiti wa sayansi ya siasa, alipoingia kufanya kazi kwenye machinjio huko Nebraska, alianza kwa kutundika maini kwenye chumba cha baridi, akaenda kuswaga ng'ombe, kisha akawa mkaguzi wa ubora, na kila alipohama aliona mambo ambayo kule alikotoka hayaonekani. (Yeye waajiri hawakujua kuwa ni mtafiti. Hilo usiige, kamati ya maadili itakuchinja wewe.) Na James Scott, mtafiti mwingine wa siasa, aliyeishi kwenye kijiji kimoja cha jimbo la Kedah, Malaysia, kuanzia 1978 hadi 1980, alikuta maskini wanaonyenyekea mbele ya matajiri wana maneno mengine kabisa wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Angefikia kwa tajiri na kuzunguka naye, sijui angeandika nini. Labda maafikiano, kama mimi.

Sisemi umkwepe katibu, bila ruhusa yake huingii. Omba kwa barua, mshukuru, kisha nenda kivyako na rudi kivyako. Utambulisho fanya kwa mdomo wako mwenyewe: jina, chuo, unachotafuta, na kwamba humpelekei mtu taarifa. Ukiwekewa kiti mbele, sema nyuma ndiko unakoandika vizuri. Atanuna kidogo, lakini tasnifu ni yako. Na fika mapema, ondoka wa mwisho, kwa sababu ajenda nyingi huwa zimeshamalizwa kabla kikao hakijafunguliwa, na watu huzijadili upya wakiwa wanatafuta viatu na baiskeli zao.

Uliuliza pia kuhusu kurekodi kwa simu, fomu za ridhaa na programu ya kuchambulia data. Simu iache mfukoni mpaka wakuzoee, na uwaulize kwanza. Programu siijui, wengine watakujibu.