Akili inahama, mtoto anaita, usingizi unanibeba: nifanyeje mazoezi ya uzingativu?

SWALI: Mimi ni mhasibu na mama wa watoto wawili, wa miaka minane na mitatu. Nafika nyumbani saa moja jioni. Nimejaribu kukaa kimya dakika kumi nikifuatilia pumzi, lakini ama mtoto ananiita, ama akili inarukia hesabu za ofisini, ama nasinzia. Nakosea wapi?

JIBU: Akili kurukia hesabu si kosa. Zoezi lenyewe la uzingativu ni kuyaelekeza mawazo mahali pamoja, kutambua kwamba yamehama, kisha kuyarudisha bila kujikaripia. Hivyo anayehama mara ishirini na kurudi mara ishirini amefanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Dakika kumi za kimya zina chimbuko lake. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa uzingativu, alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, programu ya wiki kadhaa iliyowahudumia wagonjwa, wakiwamo wenye maumivu sugu, na mazoezi ya kukaa yalikuwa sehemu yake kubwa. Hata hivyo, programu hiyohiyo iliwafundisha kula, kutembea na kuosha vyombo kwa uzingativu, na mzazi wa mtoto wa miaka mitatu ni bora aanzie hapo, kwa kuwa kumtaka mtoto wa umri huo aheshimu ukimya wako ni kujitafutia ugomvi.

Anza kabla hujatoka ofisini. Utafiti wa Sophie Leroy, mtafiti wa masuala ya kazi, uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mtu akihamia kazi nyingine, sehemu ya mawazo yake huweza kubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa ikiwa haijakamilika. Kwa hiyo andika kwenye karatasi hesabu ulizoishia na hatua ya kwanza ya kesho, kisha uiache karatasi hiyo mezani. Ukifika mlangoni kwako, vuta pumzi tatu taratibu, kila moja ukiitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, maana kutoa pumzi polepole husaidia kupunguza mapigo ya moyo.

Baada ya hapo chagua shughuli moja tu, ambayo ungeifanya hata hivyo. Mimi ningechagua kumwogesha mdogo. Simu ibaki chumba kingine. Sikia joto la maji mkononi, utelezi wa sabuni, na maneno ya mtoto hata yasipokuwa na kichwa wala miguu, na hesabu zikija, rudi kwenye maji. Wa miaka minane haogeshwi, lakini anaweza kukaa nawe mkichambua mchele, naye ndiye achague mazungumzo.

Usijaribu kuwa hivyo jioni nzima. Katika majaribio maarufu ya miaka ya 1970, mwanasaikolojia Edward Tronick aliwataka akina mama wawatazame watoto wao wachanga kwa dakika chache bila kuonyesha hisia yoyote usoni. Watoto walijaribu kuwachangamsha, wakashindwa, wakageuka au wakalia. Wengi huishia hapo na kujilaumu kila washikapo simu, ilhali kazi za Tronick zilionyesha pia kwamba hata mama na mtoto wenye uhusiano mzuri hupotezana mara nyingi, na kwamba muhimu ni kurudiana. Ukigundua umeitikia bila kusikia, mwambie, "Samahani mwanangu, sikukusikia, hebu rudia," nawe usikilize.

Kusinzia ni jambo lingine. Huenda mwili unadai usingizi, na deni hilo halilipwi kwa mazoezi ya pumzi: ukipata dakika kumi za ukimya usiku, zilale. Ila ikiwa unalala vya kutosha na bado uchovu unaendelea zaidi ya wiki mbili, hasa ukiandamana na huzuni au kutofurahia yale uliyoyapenda, nenda ukamwone daktari au mshauri nasaha kabla ya kuendelea na mazoezi ya kukaa kimya, kwani kwa baadhi ya watu wenye hali hiyo ukimya huzidisha mawazo mazito.