Muulize Fundi: Giaboksi na difu hazinywi oili moja

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Makorora hapa Tanga. Nimenunua Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999, gia sita za mkono. Gari inakimbia vizuri, ila gia ya pili inakwaruza ninaposhusha kutoka ya tatu, hasa asubuhi kabla haijapata moto. Difu nayo inagugumia nikikata kona kali ya kuingia nyumbani. Duka la vipuri wameniuzia galoni ya 85W-140 GL-5, wakaniambia kwa joto la Tanga oili nzito ndiyo yenyewe, niweke kote kuwili. Fundi wangu anasema giaboksi ya Kijapani iwekwe hidroliki, ile oili ya giaboksi za otomatiki. Nimsikilize nani?
Msomaji, Makorora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Galoni hiyo usiifungue, irudishe dukani ikiwa bado ina sili yake. Wote wawili wamekujibu kuhusu uzito, na mimi nataka kwanza uangalie herufi GL, yaani daraja la dawa iliyotiwa kwenye oili ya gia.

Ndani ya difu, inayopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma, kuna krauni, ile gia kubwa ya duara, na pinyoni, gia ndogo inayoizungusha. Kwenye magari kama lako pinyoni imekaa chini ya kitovu cha krauni, kwa hiyo meno hayagusani na kuachana tu, yanasuguana kwa kuteleza huku yamebeba nguvu yote ya injini. Msuguano huo unaikamua oili mpaka inatoweka katikati ya meno. Ndiyo maana oili ya GL-5 imetiwa dawa nyingi ya salfa na fosforasi: pale chuma kinapopata moto, dawa inajenga utando mwembamba juu ya jino, na utando ndio unaolika badala ya jino. Ile harufu kali inayokaa mikononi siku nzima ni ya hiyo salfa. Difu ya namna hii usiiwekee chini ya GL-5, hata ukikuta nyingine kwa bei ya kutupa.

Giaboksi ina kazi tofauti kabisa. Ukisukuma gia ya pili, kuna ringi ya sinkro, mara nyingi ya shaba, inayotakiwa kuing'ang'ania koni ya gia mpaka mizunguko ya pande mbili iwe sawa, ndipo gia iingie kimya. Kung'ang'ania kunahitaji msuguano. Oili ikiwa na utelezi kupita kiasi, ringi inateleza, mwendo wa gia haujalingana, meno yanagongana, na wewe unasikia ile krrr. Tena salfa ya GL-5, hasa zile za zamani, ikipata moto huila shaba taratibu. Oili ya GL-4 ina takriban nusu ya dawa ile, inayotosha kabisa meno ya giaboksi. Siku hizi zipo GL-5 zilizotengenezwa zisiile shaba, na viwanda vingine vya magari vinaziruhusu kwenye giaboksi, kwa hiyo kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi wa mwisho. Kama kitabu hakikuja na gari, kama ilivyo kwa magari mengi yanayoshuka bandarini, nunua kopo lililoandikwa GL-4 peke yake kwa ajili ya giaboksi. Makopo yaliyoandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja mimi siyaweki kwenye giaboksi yenye sinkro za shaba.

Sasa uzito. Namba za oili ya gia na namba za oili ya injini ni mizani mbili. Oili ya gia ya 90, ikiwa kwenye nyuzi joto 100, uzito wake unakaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Hiyo 140 waliyokuuzia ni nzito mno kwa sinkro za giaboksi yako. Na habari ya joto la Tanga haina msingi: ile 90 imepimwa kwenye nyuzi 100, moto ambao jua la Raskazone halijawahi kuufikia. Namba yenye W nayo hupimwa kwenye baridi, 85W kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, 75W kwenye 40 chini ya sifuri. Hata ukilala Lushoto mwezi wa Julai hukutani na baridi hiyo. Hivyo 80W-90 inakutosha. Ukiweza, chukua 75W-90 ya sintetiki, kwa sababu asubuhi inakuwa nyepesi zaidi na ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, gia ya pili na ya tatu kona baada ya kona, inastahimili moto muda mrefu.

Huko kukwaruza asubuhi kunanifanya nishuku kwamba aliyekuwa na gari kabla yako aliweka oili nzito. Ikibaki inakwaruza baada ya oili sahihi, tena gari ikiwa na moto, basi ringi ya gia ya pili imekwisha. Oili haitaifufua.

Fundi wako hajasema neno la ajabu, maana zipo giaboksi za mkono ambazo watengenezaji wenyewe wameagiza hidroliki. Lakini hilo linaandikwa kwa giaboksi husika, halikisiwi kwa sababu gari limetoka Japani.

Difu inayogugumia kwenye kona: baadhi ya magari haya yalitoka na difu ya kuzuia tairi moja kuzunguka bure. Ikiwa ni ya aina ya pleti, inataka GL-5 yenye dawa ya kupunguza msuguano wa pleti, na kopo litaonyesha kuwa ni ya difu za namna hiyo. Bila dawa hiyo pleti zinashikana na kuachiana kwenye kona, ndio mgugumio. Aina ya Torsen ni ya gia tupu, haihitaji dawa hiyo. Soma namba ya eksili kwenye kibati cha gari umwonyeshe mwenye katalogi ya vipuri kabla ya kununua. Kama mlio unakuja ukikanyaga mafuta barabara imenyooka, hapo tatizo ni beringi au pinyoni, na hiyo 140 itauficha tu mpaka difu ivunjike njiani Segera.

Unapobadilisha, simamisha gari sehemu tambarare, na legeza nati ya kujazia kwanza kabla ya kugusa ya kumwagia. Nimeona vijana wakimwaga oili yote, kisha nati ya juu ikagoma, gari ikalala gereji. Angalia sumaku ya nati: unga wa kijivu laini ni wa kawaida, vipande vinavyochoma kidole si vya kawaida. Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu, kisha funga.

Wenye Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, jibu lao ni hilihili: GL-4 giaboksi, GL-5 difu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepitisha Toyota Chaser yangu ya GX100 kwenye maji ya mafuriko njia ya Pangani. Wiki moja baadaye oili ya difu imetoka kama chai ya maziwa, wakati sili zote ni mpya. Maji yamepita wapi?
Mama wawili, Pangani

JIBU: Marahaba, mama. Yamepita juu. Difu ina kitundu cha kupumulia. Ikiingia kwenye maji ya baridi ikiwa na moto, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji. Mwaga yote, weka GL-5 mpya, endesha siku chache, umwage tena hata kama inaonekana safi. Kisha mwambie fundi aunganishe mpira mwembamba kwenye kitundu hicho aupandishe juu ndani ya buti. Na usichelewe, beringi za difu haziwezi kukaa na maji, sembuse ya chumvi.