Sindano niliyoichoma kwa ruhusa ya simu

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa binti aliyehitimu mafunzo ya usafi wa kinywa na meno mwaka jana. Ameandika hivi: "Dada, daktari ninayefanya naye kazi ananiambia nichome ganzi mwenyewe siku ambazo hayupo. Chuoni tulifundishwa, na kuchoma najua. Nikikataa nitaonekana siwezi kazi. Nifanyeje?"

Niliusoma nikiwa nimesimama, ikabidi nikae. Hayo maneno ya mwisho, kwamba utaonekana huwezi kazi, ndiyo yaliyoniponza mimi.

Nitakusimulia, mdogo wangu, maana najua unachokitafuta ndicho nilichokitafuta mimi: wagonjwa wanaokuulizia kwa jina, na siku moja chumba ambacho ni chako mwenyewe.

Kuchoma ganzi nilijifunza mahali ambapo sheria iliwaruhusu watu wa kazi yetu. Nikachoma miaka minne, na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Wagonjwa walikuwa wakiniuliza nitaanza lini wakati nimeshamaliza. Kisha nikahamia penye sheria nyingine. Huko tuliruhusiwa kukwangua ugaga, kung'arisha meno, kupaka floraidi, kupiga picha za eksirei na kumfundisha mgonjwa. Ganzi ilikuwa ya daktari peke yake. Nililijua hilo. Siwezi kusema sikulijua.

Siku yenyewe alikuja mama mmoja ambaye fizi zake zilikuwa zimeachia meno, mifuko, yaani nafasi kati ya fizi na jino, imefika kina cha milimita saba. Kukwangua ugaga chini kiasi hicho bila ganzi ni kumtesa mtu. Daktari alikuwa ametoka. Nikampigia simu, akanijibu, "Wewe si unajua? Choma, nitaweka sahihi nikirudi."

Nikachoma. Haikupita muda mama akatokwa na jasho, akapauka, akazimia. Nikakilaza kiti, nikainua miguu yake, nikampa oksijeni, na baada ya muda mfupi akafumbua macho na kuuliza kama tumemaliza. Kuzimia kwa namna hiyo ndiyo dharura inayotokea zaidi kwenye viti vya meno, na mara nyingi chanzo chake ni woga, wala si dawa. Angechomwa na daktari huenda yangekuwa yale yale. Lakini mwanawe alitaka kujua nani amemchoma mama yake, akaandika malalamiko.

Mbele ya kamati, daktari alisema hakuniagiza chochote. Alisema hivyo macho yake yakiwa mezani. Mimi sikuwa na kitu cha kuonyesha. Faili lilikuwa na mwandiko wangu tu. Hakuna aliyeuliza kama sindano ilichomwa sawasawa. Waliuliza nani aliniruhusu, wakauliza tena, na kila mara jibu langu lilikuwa simu ambayo mwenzangu aliikana. Leseni yangu ikasimamishwa miezi sita. Miaka imepita na bado inaniuma.

Miezi hiyo niliitumia kusoma, kwa sababu nilitaka kujua nani hasa aliyechora mpaka niliouvuka. Kazi yetu ilianza na daktari wa meno Alfred Fones wa Bridgeport, Connecticut, ambaye mwaka 1906 alimfundisha binamu yake na msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa. Newman akapata leseni mwaka 1917, ya kwanza kwa kazi hii. Tangu hapo kila eneo likachora mpaka wake. Jimbo la Washington liliwaruhusu watu wetu kuchoma ganzi mwaka 1971. Texas ikaruhusu mwaka 2023. Miaka 52 imepita kati ya majimbo mawili ya nchi moja, na ufizi wa binadamu ni ule ule! Uingereza nako, tangu Mei 2013 mgonjwa anaweza kwenda kwa mtaalamu wa usafi wa kinywa bila kupitia kwa daktari kwanza, lakini ilifika Juni 2024 ndipo sheria ikamruhusu mtaalamu huyo kutoa ganzi bila maagizo ya daktari.

Kwa hiyo usidhani kujua kuchoma ndiko kunakokupa ruhusa. Mimi nilidhani hivyo. Ruhusa iko kwenye karatasi. Soma mwenyewe kanuni za baraza linalokupa leseni, usisimuliwe. Tazama zinasema nini kuhusu usimamizi: kuna kazi zinazotaka daktari awemo jengoni, na kuna zinazotosheka na idhini aliyoitoa mapema hata kama hayupo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu anaweza kupoteza leseni katikati yake. Daktari akikuagiza, aandike kwenye faili kabla hujashika sindano. Akisema ataandika baadaye, mwambie utasubiri. Na kama kanuni zinakataa kabisa, hata akiandika kurasa kumi hazitakusaidia.

Nakuomba usiniseme ni mwoga. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba aliyefunzwa na kupimwa aruhusiwe kuchoma, na kwamba mipaka mingi imewekwa na watu wenye cha kupoteza. Huko South Carolina, mwaka 2000 sheria iliondoa sharti la mtoto kuonwa na daktari kwanza kabla ya kusafishwa meno shuleni. Mwaka uliofuata bodi ya meno, ambayo wengi wake ni madaktari wa meno, ikalirudisha kwa kanuni ya dharura. Mwaka 2003 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikaishtaki bodi hiyo kwa kubana ushindani. Watoto waliokosa huduma kati ya hapo hawakuulizwa maoni yao. Mambo kama haya yanabadilishwa na watu wetu wanaokwenda kwenye vikao, wanaoandika barua, wanaopeleka rekodi za kazi yao safi. Aliyesimamishwa leseni hasikilizwi huko. Najua, nilijaribu kuzungumza mwaka ule na jina langu likasomwa kabla sijafungua mdomo.

Leo nachoma tena, mahali panaporuhusu, na cheti changu kipo ukutani pale mgonjwa anapokiona.

Hukuniambia unafanya kazi chini ya baraza gani. Nitumie kifungu kinachotaja ganzi tukisome pamoja. Kwa sasa, siku ambazo daktari hayupo pangia wagonjwa wasiohitaji sindano, na wenye mifuko mirefu waandikie siku ambayo yupo. Akiuliza kwa nini, mwonyeshe kifungu chenyewe.